Chungu Kisichooshwa

Tarehe 3 Februari

Kwako wifi,

Simu yako inaita mpaka inachoka, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Barua hii anakuletea Dereva wa Chumvi, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako, si mezani. Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Kidonge. Mtoto hajambo. Meno mawili ya chini yameshatoka, na ananing'ata wakati wa kunyonya kana kwamba nimemkosea. Mimi pia sijambo. Anayeumwa hapa ni tanuri.

Wifi, hamira imekwisha. Si kwangu tu, ni mji mzima. Nimezunguka maduka yote ya jumla na mtoto mgongoni, na kila mwenye duka ananionyesha rafu tupu kisha ananisimulia habari za redioni: kwamba huko mbali kuna mlango wa bahari ambao meli haziupiti tena kwa sababu ya vita vya watu wengine, kwamba sasa zinazunguka njia ndefu, na zinazofika hubeba kwanza mizigo ya wenye nguvu. Wapiganaji wenyewe siwajui, wala sijui wanagombea nini. Ninachojua ni kwamba wamerushiana moto kule, na donge langu huku haliumuki.

Nimebakiwa na pakiti ya mwisho. Naitoa kwa kijiko cha chai kama dawa ya mtoto, na mikate inatoka mifupi, mizito. Juzi mkuu wa jiko la hospitali alichukua mmoja, akaurushia mkono huu na huu, akaniuliza mbele ya wapishi wake, "Mama Kidonge, huu umeuoka au umeufyatua?" Wakacheka. Nikacheka nao, maana ukilia mbele ya mteja ameshahama. Lakini aliponivuta pembeni hakucheka tena. Amesema mwezi ujao ukiisha mikate ikiwa bado hivi, kazi ya hospitali anampa Mwokaji wa Kona. Wewe mwenyewe unajua, hospitali ikiondoka tanuri limezimika. Mikate ya kuuza mmoja mmoja hainunui hata kuni zake.

Wewe uko hapo bandarini, ghala lako linatazamana na lango, na tangu mama mkwe akiwa hai ni wewe uliyekuwa ukituletea hamira. Boksi moja tu, wifi. Hata nusu boksi.

Nakungoja.

Wifi yako mdogo,
Mama Kidonge


Tarehe 9 Februari

Wifi mdogo,

Barua nimeipata. Huyo dereva wako alikataa kuondoka mpaka niifungue mbele yake. Umemlisha nini?

Simu sipokei kwa sababu kila anayepiga anataka kitu, na kitu hakuna. Bandari imekauka, ndugu yangu. Kreni zimesimama zinatazamana tu. Wapakuzi wanacheza karata kwenye kivuli cha makontena matupu. Mafuta ya kupikia hakuna, vipuri hakuna, na dawa ya meno nawaficha vijana wangu wa kazi wasije wakaimaliza. Hamira ndiyo usiseme kabisa. Nimesahau hata ina rangi gani.

Sasa nikushauri kama dada. Una mtoto mchanga, mume yuko kwangu huku, unaamka kabla ya majogoo kwenda kupigana na moto. Kwa ajili ya nini? Niuzie mimi hilo tanuri, upumzike. Si kwamba nina hamu nalo. Ila lilijengwa na mama yangu, na matofali ya chini niliyabeba mimi kichwani nikiwa msichana, wewe ukiwa hata hujulikani umezaliwa wapi. Mama alipofariki ukapewa wewe tanuri. Mimi binti yake nikapewa vyombo: masufuria mawili yaliyobonyea na chungu kinachonuka. Watu wote pale msibani walinigeukia waone nitafanya nini. Nikapangusa uso, nikapokea, nikashukuru. Lakini usidhani nimesahau.

Fikiria vizuri. Hospitali haitakungoja, na mimi pia kuna siku nitachoka kukungoja.

Shangazi wa Kidonge


Tarehe 11 Februari

Mke wangu,

Pokea sabuni mbili na kijinguo cha Kidonge. Kama kijinguo ni kikubwa usinicheke, mtoto atakua. Nilimkadiria kwa kutumia mkono wangu, na mkono wangu unamkumbuka vibaya.

Mgongo unaniuma. Wiki nzima dada ametupandisha ngazi na kutushusha, tunahamisha mzigo kutoka ghalani chini kwenda darini, chini ya mabati. Anasema wakaguzi wa bei wanaweza kupita wakati wowote, na kule chini kuna macho mengi. Kwanza alitukalisha tufungue mifuko mikubwa na kupima upya kwenye vifuko vya nailoni visivyo na jina lolote, ndipo tukapandisha. Darini mchana hakukaliki. Ukigusa bati kwa kichwa unaacha nywele. Mzigo wenyewe si mzito, ni wingi wake tu. Na harufu yake, mke wangu! Nilipofungua mfuko wa kwanza nilikuona wewe asubuhi, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, Kidonge analia mgongoni na wewe unamwimbia bila kumsikia. Nikakaa kwenye ngazi. Wenzangu walidhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Nasikia umemwandikia dada. Tafadhali usigombane naye. Ni mkali, lakini ndiye anayetulisha. Anasema mtaelewana kuhusu tanuri. Mimi sijui, hayo mnayajua ninyi wawili.

Mbusu huyo mwenye meno.

Baba Kidonge


Tarehe 15 Februari

Baba Kidonge,

Sabuni nimepokea. Kijinguo kitamfaa siku atakapoanza shule.

Barua yako niliisoma mara moja, nikamlaza mtoto, nikaisoma tena. Mume wangu, harufu iliyokukalisha kwenye ngazi ni hamira. Na wewe unaijua. Umelala kitanda kimoja na harufu hiyo tangu tuoane. Uliijua ulipofungua mfuko, ukaijua ulipopanda nayo ngazi, na ulipokaa kuniandikia ukaijua pia, ndiyo maana hukuitaja jina. Umeandika kama mtu anayetamani kukamatwa. Haya, nimekukamata.

Dada yako ameniandikia kwa mkono wake kwamba amesahau hata rangi yake.

Jana nilijifanya napita kwa Mwokaji wa Kona. Mikate yake imetuna dirishani kama matumbo ya wakubwa. Nikamwuliza, mwenzetu hamira unaitoa wapi? Akanitazama akacheka mpaka akaegemea meza. "Kwa wifi yako! Kwani hakukwambia? Nimechukua maboksi machache ya mwanzo, na yote yaliyobaki ameniwekea mimi. Anasema bei bado itapanda, lakini mimi ananihurumia." Anamhurumia yeye. Mimi niliyemgeuza mama yake kitandani, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko na mimba yangu tumboni, mimi hanihurumii. Anataka tanuri lizimike ili alinunue likiwa baridi.

Sasa nisikilize vizuri. Sikuombi uniibie hata kijiko kimoja. Sitaki mwanangu ale mkate ulioumuliwa na wizi. Wala usimwambie dada yako kwamba najua. Na lingine, hili ndilo kubwa: kuhusu joto la dari usiseme neno. Mama yenu alitufundisha sote jinsi hamira inavyotunzwa, kwamba ni kitu hai kimelala tu, ukikiweka kwenye joto kinakufa usingizini. Dada yako hakusikia kwa sababu kila mara alitoka nje akiziba pua. Mzigo ni wake, dari ni yake, mabati ni yake. Wewe umeajiriwa mgongo, hukuajiriwa ulimi.

Nakupenda bado. Lakini leo nakupenda kwa meno, kama mwanao.

Mama Kidonge


Tarehe 15 Februari

Wifi,

Ushauri wako nimeupokea. Tanuri siuzi.

Nakuuliza tena, na sitakuuliza mara ya tatu. Sikuulizi kama mteja. Nakuuliza kama mtu aliyemfumba mama yako macho. Hamira huna kabisa? Jibu utakalonipa nitalishika kama lilivyo, na nitakwenda nalo kama lilivyo.

Mama Kidonge


Tarehe 20 Februari

Wifi mdogo,

Una maneno makavu siku hizi. Basi nami nikujibu mkavu: naapa kwa kaburi la mama yangu, sina hamira hata punje.

Ila usije ukatangaza huko kwamba wifi yako ana roho mbaya. Nimekutumia urithi wangu. Chungu hiki kimekaa hapa stoo tangu msiba, nakitumia kuzuia mlango usijifunge. Kukiosha nimeshindwa. Uchafu umegandamana ndani kama saruji, na mikono yangu si ya kukwangulia vyungu. Ukitaka hamira, kwangua humo. Pengine mama alikufichia pakiti chini. Vijana wangu walicheka sana nilipokifunga kwenye gunia, isipokuwa mumeo, ambaye siku hizi hacheki na kitu.

Ukishindwa kukitumia, panda ua. Na tanuri usisahau: kila siku linapolala baridi, bei yake inashuka.

Shangazi wa Kidonge


Tarehe 4 Machi

Baba Kidonge,

Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kuandika kitu ambacho hakijawa.

Dereva wa Chumvi alinishushia chungu bila kunitazama usoni, kama mtu aliyetumwa kumtukana mkwewe. Nikafungua gunia. Unakikumbuka? Unakumbuka mama hakukiosha hata siku moja, na wageni wakadhani ni uvivu? Wiki ya kwanza nilipoolewa nilikishika na kitambaa nikitaka kumfurahisha. Alinishika mkono. Akasema, "Taratibu, mwanangu. Hapo unamwosha mama yangu."

Kabla pakiti za hamira hazijaanza kuja na meli, watu wa mtaa ule wote walikula mkate kutokana na chachu ya chungu hicho. Mama alipewa na mama yake. Wateja walipomzidi akahamia pakiti, dada yako akaanza kuzileta, chungu kikapumzika. Lakini hakukiosha. Alichokiacha humo kilikaukia ukutani kikangoja. Baada ya msiba nilitamani sana kukiomba, nikashindwa. Kilikuwa haki ya binti yake, na nilijua akijua nakitaka hatanipa.

Amenipa mwenyewe. Amenipa na nauli juu.

Nilikwangua. Yakatoka magamba ya kijivu kama rangi ya ukuta wa zamani. Nikayaloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikatia unga, nikafunika. Kimya. Kesho yake kimya. Nikawa kila nikimnyonyesha Kidonge namlisha na yule: huyu titi, yule unga. Jirani akachungulia akaniuliza, "Wewe una mapacha?" Nikamwambia ninao, ila mmoja amechelewa kuzaliwa. Tanuri likalala baridi. Hospitalini wagonjwa walipewa uji mtupu, na mkuu wa jiko akapita mlangoni kwangu bila kusalimia.

Asubuhi moja nikafunua kitambaa nikakuta povu. Matundu madogo yanafunguka na kujifunga. Kilikuwa kinapumua, Baba Kidonge. Nililia, halafu nikacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Ningekisikia kwa mwanamke mwingine, ningempokonya mtoto.

Mikate ya kwanza ilikuwa michachu, mtu akila anakunja uso kama anayesoma barua ya serikali. Nikapunguza saa za kuumuka, nikaongeza chumvi. Ya pili ikasimama. Nikapeleka hospitalini, mkuu wa jiko akaubonyeza, ukarudi juu, akaubonyeza tena kama mtoto anayecheza. Akasema, "Huu umeuoka." Basi. Kazi imebaki kwangu.

Sasa sikia sehemu tamu. Waokaji wengine wamesikia harufu, wamekuja. Wale wa sokoni, yule mama wa maandazi wa karibu na kituo, hata wa mtaa wa pili. Wanaona aibu kuomba, wanaanza na habari za mtoto. Nawapa. Kila mmoja na chupa yake, bure, kwa sharti moja tu, kwamba naye atampa atakayemwomba. Mwokaji wa Kona peke yake hajaja, anaringia maboksi aliyowekewa. Watu wanasema, "Mama Kidonge ana roho nzuri." Nawaacha waseme. Wewe nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mume wangu: kila chupa inayotoka mlangoni hapa ni kifuko kimoja cha dada yako kilichokosa mnunuzi. Natoa kwa mkono wa kulia, nalipiza kwa wa kushoto, na mtoto nambeba kwa mikono yote miwili.

Vipi huko darini? Bado kuna joto?

Mama Kidonge


Tarehe 12 Machi

Wifi,

Nasikia umekuwa mganga. Unagawa uchafu wa chungu kwenye chupa, na watu wanapanga foleni. Acha. Unaharibu soko. Kuna watu wanaagiza mali kutoka mbali kwa jasho, meli inazunguka dunia nzima, halafu wewe unasimama mlangoni unagawa bure kama pipi za harusi. Biashara haifanywi hivyo. Mama mwenyewe asingefanya hivyo.

Jambo lingine, na hili si langu. Nina rafiki yangu, alipata hamira kidogo mahali fulani. Anasema imeanza kubadilika rangi, na harufu siyo ile ya mwanzo. Ni kawaida? Inatakiwa ikae wapi? Nimemwuliza mdogo wangu, kaolewa na mwokaji, angalau ajue kitu. Amenitazama kama ng'ombe anavyotazama treni, akasema yeye ni mgongo tu. Mnaandikiana nini ninyi wawili?

Nijibu upesi. Rafiki yangu ana haraka.

Shangazi wa Kidonge


Tarehe 16 Machi

Wifi,

Mdogo wako hakuolewa, alioa. Lakini tuyaache.

Umeapa kwa kaburi la mama kwamba huna hamira hata punje. Nilikwambia jibu lako nitalishika kama lilivyo, na nimelishika. Sasa nikufundishe kutunza usicho nacho?

Rafiki yako simjui. Angekuwa ni wewe, ningejibu leo hii. Ningembeba Kidonge nikapanda lori la chumvi, nikaja kukusaidia kushusha kwa mikono yangu, pamoja na yote. Je, ni wewe? Niandikie maneno mawili tu, "Ni mimi," nami nitakwambia kila kitu alichonifundisha mama. Ukinyamaza, nitajua ni rafiki, na marafiki za watu hawanihusu.

Dereva anapita kwako kila wiki. Nitamwuliza.

Mama Kidonge


Tarehe 9 Aprili

Ni mimi.

Haya, nimeandika. Ni mimi, ni mimi, ni mimi. Umefurahi?

Ulijua. Usinidanganye, ulijua. Mwokaji wa Kona alichukua mzigo wake wote wiki iliyopita, akaumulia unga wa siku nzima, na unga ukalala kwenye mabakuli kama maiti. Akajaribu tena. Akaleta lori, akasimama langoni kwangu, mchana, wapakuzi wote wametoka kwenye karata zao, akavipasua vifuko kimoja kimoja na kumwaga chini. "Mama, umeniuzia vumbi!" Vumbi! Mimi! Ufagio nilishika mwenyewe, maana hakuna kijana aliyenyanyuka. Na kesho yake unajua nini kilitokea? Meli ziliingia. Zimefuatana kama bata. Hamira sasa iko kila duka, nzima, tena rahisi. Hata kama yangu ingekuwa hai nisingepata wa kumwuzia. Aliyebaki akihitaji tayari ana chupa yako.

Mdogo wangu siku ile aliweka kamba chini. Akasema, "Dada, mgongo umechoka." Akaondoka hata begi hakuchukua. Yeye pia alijua. Nimelala miezi miwili chini ya dari ile, mali yangu inakufa juu ya kichwa changu, na ndugu yangu wa tumbo moja ananitakia usiku mwema.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma. Nilishika kalamu, wifi. Nilishika kalamu nikaandika "Ni," nikashindwa kuendelea. Nikaona bora ife.

Sasa waokaji wa hapa bandarini nao wanataka chachu. Wamezoea, wanasema mkate wake unakaa siku nyingi na haungojei meli ya mtu. Wananiuliza mimi: wewe si binti wa mwenye chungu, mbona huna? Nitumie. Mpe Dereva wa Chumvi chupa moja. Ni ya mama yangu, nina haki nayo.

Na nijibu jambo moja, kwa sababu wewe ulikuwa naye mwisho na mimi sikuwepo. Matofali yale niliyabeba mimi. Kichwa kilichubuka. Kwa nini hakunipa mimi?

Wifi yako


Tarehe 14 Aprili

Wifi yangu,

Ndiyo. Nilijua tangu mume wangu aliponiandikia kuhusu ngazi na mabati. Ningekwambia siku ile, hamira yako ingepona. Nilikaa kimya kwa makusudi, na kimya hicho ndicho kilichokuwa fimbo yangu, maana fimbo nyingine sikuwa nayo. Ningependa kukwambia kwamba nilikosa usingizi. Sikukosa. Nililala vizuri kuliko siku zote tangu Kidonge azaliwe. Ila wiki zile tatu baada ya kukuuliza "Je, ni wewe?", kila lori lilipopiga honi nilitoka nje na mtoto. Nilikuwa tayari kuja. Sijui kama utaniamini, na sikulazimishi.

Sasa nikujibu ulichouliza mwisho, kwa sababu ndicho ulichopaswa kuuliza mwanzo.

Alikupa wewe. Tanuri ni matofali, wifi. Fundi yeyote anajenga jingine, na hili tayari lina ufa. Masufuria ni masufuria. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu kisichonunuliwa duka lolote wala kuletwa na meli yoyote, na mama alikitoa akakuweka mkononi mbele ya watu wote. Mimi nilisimama nyuma yako nikiwa na tumbo langu, na nilikuonea wivu mpaka nikaona aibu. Kichwa chako kilichubuka kwa matofali. Aliliona hilo, ndiyo maana hakutaka ubebe tena matofali. Akakupa kilicho hai. Wewe ukakitumia kuzuia mlango.

Nilitaka kukuumiza, na nimetafuta neno la kukuumiza muda mrefu. Sasa naona kwamba sikuhitaji kulitafuta. Ni hilo tu. Limekaa stoo kwako tangu msiba.

Chachu sikutumii. Usinielewe vibaya, sikunyimi. Sharti ni moja kwa wote: anayetaka anakuja mwenyewe, na chupa yake, na anapanga foleni. Mwokaji wa Kona alikuja juzi, amevuta kofia mpaka puani kama mtu anayekwepa wadai. Akasimama nyuma ya mama wa maandazi akangoja zamu yake kama wengine, na nilimpa. Nawe utasimama. Watakuwepo wengi uliowaambia huna. Wasalimie. Ukifika mbele yangu sitakuuliza lolote wala sitakutania. Nitakupa kijiko na unga, utakilisha chungu kwa mkono wako, na pua usizibe. Ukimaliza nitakujazia chupa mpaka shingoni, maana wewe ndiye mwenye haki kuliko wote waliopita hapa.

Ila chungu sirudishi. Ulinitumia kama tusi, na mimi tusi likishaingia nyumbani kwangu halitoki.

Ndugu yako yuko hapa. Anakanda. Alifika bila begi, amebeba sabuni moja tu, akaniuliza kama kuna kazi ya mgongo. Nikamwambia ipo, na sasa hata ulimi tunautumia. Kidonge anakaa mwenyewe. Ana meno manne. Nimemwambia shangazi yake anakuja, akapiga makofi, lakini huyo hupigia makofi hata mbuzi.

Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali. Na hiyo chupa ioshe vizuri, wifi. Kisichooshwa kipo tayari kwangu.

Mama Kidonge